Kuja na Mtu wa Kwenu

Nasro alikuwa ameinama chini ya kaunta akitafuta kalamu iliyoanguka, na alipoinuka alimkuta mzee Wepukhulu amesimama mbele ya dirisha lake, kofia mkononi.

"Haya, nimekuja," mzee akasema.

"Umekuja wapi? Mimi sijakuita. Si ungojee zamu yako, mzee wangu."

"Umeniita, madam." Sauti ya mzee ikashuka. "Umeniita kwa jina, na ukasema mbele ya watu ati nina kisonono. Kwani nimekukosea nini?"

Nasro akacheka, maana alidhani ni utani wa wazee. Kisha akachungulia benchini. Watu wote walikuwa wameangalia chini, na mama mmoja aliyekuwa ameketi bega kwa bega na mzee huyo alikuwa amesogea mpaka ukutani, na kikapu chake amekipakata. Kicheko kikamkauka Nasro mdomoni. Alilivuta faili la mzee, akalifungua. Ni kweli, kisonono kilikuwa kimeandikwa pale, na wino wa daktari ulikuwa mbichi.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 2006, katika hospitali moja ya watu binafsi mjini Kitale, upande unaotazama mtaa wa Tuwan. Nasro ndiye aliyekuwa karani wa mafaili. Alikuwa mjane, mchapakazi, mwenye buibui safi na mdomo usio na kufuli, hilo tusifichane. Mtu akija na salamu nzuri, akimsifu kidogo, akimuuliza habari za nyumbani, Nasro angemwambia nani amelazwa, nani ametolewa, na nani amekuja kwa jambo lipi. Hakuwa na roho mbaya. Aliona ni mazungumzo tu, kama vile watu wanavyozungumza juu ya mvua na bei ya mahindi.

Kulikuwa na faili moja tu ambalo Nasro hakuwahi kulizungumzia. Lilikuwa la binti yake wa pekee, Aaliyah. Aaliyah alikuwa na kifafa tangu utotoni, kile cha usingizini, kinachompata mtu kitandani na kumwacha asubuhi na ulimi umeumwa na kichwa kizito. Nasro aliwaficha watu wote. Alimficha na Aaliyah mwenyewe. "Umeota vibaya tu, mama," angemwambia, na vidonge vyake alivitoa kwenye paketi na kuvitia kwenye chupa ya vitamini. "Meza, ni vya kuongeza damu." Aaliyah akameza akakua, akawa mzuri wa kutazamwa, na sasa alikuwa ameposwa na Hamid, kijana wa Bungoma ambaye watu wake waliuza vitambaa karibu na msikiti. Harusi ilikuwa ni baada ya Idi. Nasro alikuwa anaomba Mungu usiku na mchana jambo moja tu, kwamba Bi Hawo, mama wa Hamid, asije akasikia neno kifafa. Nyumba ile ingesema binti ana jini, na mchezo ungeishia hapo.

Baada ya mzee Wepukhulu, waliitwa wengine. Binti mmoja aliyeitwa Nyaruai alikuja dirishani akilia, akamuuliza Nasro kwa nini ametangaza mimba yake na mama mkwe yuko pale pale. Siku iliyofuata Kipkorir, mwalimu, alisimama akatoka bila kutibiwa, na hakurudi tena. Kila mara Nasro alikuwa ameinama, au amegeuka, au amekwenda nyuma kuchukua kitu. Na kila mara walisema ni sauti yake.

"Dada Nasro, unajiskia poa kweli?" Jentrix, msichana wa kupokea pesa, alimnong'oneza. "Juu mimi pia nimekuskia. Nimekuskia na maskio yangu, na ulikuwa umefunga mdomo."

Nasro alikuwa ameanza kuona mpango wa sauti ile. Mafaili yalipangwa kwa herufi za majina, na kitu hiki kilikuwa kinayapitia kutoka mwisho wa rafu kurudi mwanzo: Wepukhulu, Nyaruai, Kipkorir. Faili la Aaliyah lilikuwa la kwanza kabisa kule mwanzo, na kitu kile kilikuwa kinamjia.

Halafu kulikuwa na harufu. Ilikuja kabla ya kila jina kuitwa, kali, ya kuwasha pua, ikatua juu ya kaunta na kubaki hapo hata madirisha yakifunguliwa. Wauguzi walidhani kuna chupa imepasuka. Walubengo, askari wa getini, ndiye aliyeingia akanusa, akarudi nyuma hatua nzima.

"Madam, hii halufu naijua. Ni dawa ya kupe. Ile ya josho. Kwetu Kimilili tunaogesha nayo ng'ombe." Akamtazama. "Sasa nani ameleta josho hospitali, bana?"

Hapo ndipo Nasro alipoketi kwenye kiti chake, kwa sababu alimkumbuka Chesang.

Chesang alikuwa mke wa mtu kule juu, miteremko ya Mlima Elgon, na mume wake alikuwa amefariki. Aliletwa na shemeji yake, Kiplagat, akiwa na homa isiyokwisha. Wakampima damu. Kiplagat akarudi peke yake kuuliza majibu. Alikuwa mtu wa heshima, koti limepigwa pasi, na alimwita Nasro "mama" ingawa walikuwa rika moja. "Mimi ndiye nilimleta," akasema, "na mimi ndiye mkubwa wa boma." Basi Nasro alifungua faili na kuligeuza upande wake. Ndivyo walivyofanya siku zote pale. Mgonjwa alikuwa wa jamaa, na anayemleta ndiye anayeambiwa. Kiplagat akaliona jina la ule ugonjwa, ule ambao miaka hiyo watu waliutaja kwa kunyanyua vidole tu. Akashukuru akaenda.

Siku chache baadaye Chesang alikuja mwenyewe, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, viatu mkononi.

"Naomba kuona kile kimeandikwa juu yangu," akasema.

"Faili si lako, mama. Ni la hospitali."

"Lakini ni mimi ndio mgonjwa. Nyumbani wameanza kunitenga na mimi sijui nimekosa nini. Niambie tu."

Foleni ilikuwa ndefu na Nasro alikuwa na njaa. "Kuja na mtu wa kwenu," akamwambia, na akaita mwingine.

Habari zilifika Kitale baadaye, jinsi habari zinavyofika, kwamba Kiplagat alimfukuza kwenye shamba la marehemu mumewe, na kwamba watu waliopeleka ng'ombe kuogeshwa walimkuta asubuhi amekufa ndani ya josho. Nasro alisema "masikini" na akalirudisha faili rafuni. Hakulitazama tena.

Sasa akalikumbuka, na mchana ule ule, wenzake walipokwenda kula, aliingia chumba cha mafaili kulichukua la binti yake alipeleke nyumbani. Chumba kile hakikuwa na dirisha, kilikuwa na taa moja tu. Alikuwa ndio kwanza amelishika la Aaliyah mkononi stima ilipopotea.

Akatulia pale gizani akingoja macho yazoee, na alipokuwa anangoja akasikia karatasi zikifunguliwa upande wa pili wa rafu, polepole, moja baada ya nyingine, kama afanyavyo mtu mwenye kazi yake na asiye na haraka, kisha akasikia ulimi ukilamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, jambo ambalo yeye mwenyewe alilifanya kila siku na ambalo Aaliyah alimgombeza kwalo kila siku, na ile harufu ya josho ikajaa chumbani mpaka machozi yakamtoka, na ndipo ilipokuja sauti, sauti yake, ile ile kavu ya dirishani, ikasema bila kupanda wala kushuka: "Gicheru. Kifua kikuu. Amerudia mara ya pili. Mwenye faili aje." Na kule nje, benchini, mtu akaanza kukohoa na kulia pamoja.

Nasro alitoka mbio. Hakumbuki alivyofika nyumbani Tuwan. Alilifukia faili la Aaliyah chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga za harusi, akakaa juu ya sanduku hilo mpaka binti yake aliporudi sokoni.

"Mama, una nini? Umekuwa mweupe."

"Kichwa tu."

"Si unywe dawa? Ama nikupe vile vitamini vyangu?"

"Acha!" Nasro akapiga kelele, na Aaliyah akashtuka, kwa maana mama yake hakuwa na desturi ya kumpigia kelele. Nasro aliona aibu, akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu mno.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda Bungoma kwa Maalim Abdisalam. Maalim alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli nyuma ya msikiti, na waliomjua walijua kwamba mikono ile yenye grisi ndiyo iliyowatoa majini wengi waliowashinda wengine. Alinawa kwa sabuni ya kufulia, akatia udhu, akamketisha Nasro kwenye mkeka na kumsomea kisomo akiwa ameshika ncha ya mtandio wake.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha Nasro akahisi ladha chungu ulimini, na mdomo wake ukafunguka wenyewe. Haikutoka sauti yake. Ilitoka sauti ya mwanamke mchovu, mwenye lafudhi ya mlimani.

"Naomba kuona kile kimeandikwa juu yangu."

Maalim akaacha kusoma. Akafuta jasho.

"Huyu mimi simtoi," akasema.

"Maalim, nakuomba! Nina harusi ya mtoto!"

"Nisikilize, dada yangu. Kila binadamu anazaliwa na karini wake, jini wa kutembea naye. Mtu akifa na kitu chake kimezuiliwa, kuna karini hukataa kuondoka. Huenda akakaa mlangoni kwa aliyezuia. Nikimsomea mwaka mzima atatoka kwa dirisha arudi kwa mlango. Mpe chake."

"Mwenyewe amekufa."

"Ana mama?"

Nasro akaitikia kwa kichwa. Kwenye faili palikuwa na jina la kijiji, juu ya Kimilili.

"Basi mpelekee mama. Msomee kila karatasi, usibakize hata ile ya dawa ya kikohozi. Mwombe msamaha." Maalim akamtazama vizuri. "Na kama kuna mwingine uliyemfungia kilicho chake, mfungulie wewe kwa mkono wako, kabla huyu hajamfungulia."

"Hakuna mwingine," Nasro akasema upesi.

Maalim alirudi kwenye baiskeli aliyokuwa anaitengeneza.

Nasro alilitoa faili la Chesang hospitalini chini ya buibui. Hakuomba ruhusa, maana alijua angejibiwa nini. Alipofika kule juu ya Kimilili ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na mama yake Chesang alikuwa amekaa mlangoni anapukusua mahindi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho ya mtu asiyelala. Nasro alijieleza kwa sauti ya chini, ametoka hospitali, amemletea maandishi ya binti yake.

"Mimi sijui kusoma," mama akasema. "Nisomee."

Nasro akalamba kidole, akafungua. Alisoma homa, alisoma uzito, alisoma dawa ya kikohozi. Alisoma kipimo cha kwanza cha damu na ule ugonjwa, na hakunyanyua macho. Kisha akafika mwisho, na nyuma kabisa akakuta karatasi ambayo hakuwahi kuiona, imekunjwa na kubanwa kwa pini. Ilikuwa imetoka maabara ya Eldoret, ambako damu ile ilipelekwa kuhakikishwa. Ilisema kwa mistari miwili tu kwamba kipimo cha kwanza kilikosea. Chesang hakuwa na kitu. Na muhuri wake ulionyesha kwamba karatasi ile iliingia faili siku moja kabla ya Chesang kuja dirishani na viatu mkononi.

Yaani ilikuwa pale. Ilikuwa pale mkononi mwake, alipomwambia aje na mtu wa kwao.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza. Kisha, bila kungoja jibu, akaanza kusema mwenyewe, vidole vikiendelea kupukusua. "Kiplagat alikuja akaniambia huyu mtoto ako na ule ugonjwa, usimpokee. Na mimi nilikuwa na wajukuu hapa. Walisema ukishika kikombe chake tu, basi. Akakuja na mvua, akagonga. Akasema mama ni mimi, fungua. Sikufungua." Punje zikamponyoka mkononi. "Asubuhi wakamkuta kwa josho. Sasa niambie ukweli, mwanangu, juu hii kitu inanikula. Alikuwa mgonjwa kweli?"

Nasro akaitazama karatasi ya Eldoret. Akamtazama mama. Alimhurumia, wallahi alimhurumia, lakini ndani ya huruma ile mlikuwa na hofu yake mwenyewe imejikunja, na hata yeye hakuweza kuzitenganisha.

"Alikuwa mgonjwa, mama," akasema.

Mama yake Chesang akavuta pumzi ndefu. Akajifunika uso kwa kitambaa akalia, na alipomaliza akamshika Nasro mikono yote miwili. "Asante. Sasa nitalala."

Nasro aliacha faili pale. Karatasi ya Eldoret aliitia kifuani, na alipofika Tuwan aliificha sandukuni, ndani ya faili la Aaliyah.

Na mambo yakatulia. Harufu ikaisha. Benchini hakuitwa mtu tena ila walioitwa kweli, na Nasro siku hizi aliwaita kwa namba, akawa mpole, mdomo ameutia kufuli mpaka Jentrix akamtania kwamba ameokoka. Idi ikapita. Kuna siku alitaka kuichoma ile karatasi, lakini palikuwa na mchele wa kuchagua, nguo za kushonwa, wageni wa kulaza, na akasema atafanya kesho.

Nikahi ilisomwa Kitale asubuhi, na alasiri bibi harusi akapelekwa Bungoma kwa mumewe. Ua wa Bi Hawo ulikuwa umefurika wanawake, udi unafuka, watoto wanakanyagana, vigelegele havipumziki. Aaliyah alikaa juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cha dhahabu, hina mpaka viwikoni, anatabasamu huku macho ameyainamisha. Nasro alimtazama akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mumewe Naim afe. Ameolewa. Imekwisha. Hakuna aliyejua.

"Haya, nyamazeni!" Bi Hawo akapiga makofi. "Mama wa bibi harusi atukabidhi mtoto wake. Sema neno, dada yangu, tukusikie."

Ni desturi, na Nasro alikuwa amejiandalia maneno mazuri ya kumkabidhi mwanawe kwa mama mwingine. Alisimama, akatengeneza mtandio. Na hapo, katikati ya udi wote ule, akanusa josho.

Aliusikia mkono wake ukiinuka bila yeye kuuinua, akakiona kidole chake kikija mdomoni, akauhisi ulimi wake mwenyewe ukikilamba kama anayetaka kufungua ukurasa, na akajaribu kuuma meno, akajaribu kuanguka, akajaribu kulitaja jina la Mungu ambalo alilitaja kila siku ya maisha yake na ambalo sasa hakulipata popote kichwani, na wanawake wote wakiwa wametulia wanangoja, wanamtabasamia, mdomo wake ukafunguka na ile sauti kavu ya dirishani ikatoka, ikatembea juu ya vichwa vyao mpaka getini walikokaa wanaume.

"Aaliyah Naim. Kifafa. Tangu utotoni. Anapewa vidonge bila kuambiwa. Mwenye faili aje."

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Hawo aliangusha chetezo, makaa yakatawanyika juu ya mkeka, na wanawake waliokuwa karibu na bibi harusi wakaanza kusogea, kidogo kidogo, mpaka kile kiti kikabaki peke yake katikati ya ua.

Aaliyah alikuwa ameinua uso. Hakuwatazama watu. Alimtazama mama yake, na machoni mwake zilikuwa zinapita asubuhi zote za ulimi uliovimba na ile chupa ya vitamini.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi huyo? Mama, nionyeshe. Nataka kuona kile kimeandikwa juu yangu."

Nasro alimpenda mtoto yule kuliko roho yake. Alitaka kumkimbilia, alitaka kumwambia ndiyo mwanangu, nisamehe, faili liko sandukuni, twende nikupe sasa hivi. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Lakini mdomo haukuwa wake tena, nao ulimjibu Aaliyah mbele ya watu wote, kwa sauti ya karani mwenye njaa na foleni ndefu:

"Faili si lako, mama. Kuja na mtu wa kwenu."